Abiria, tazama sufuria kabla ya sahani

Msimu wa likizo umekaribia na wengi wetu tutakuwa barabarani. Ukipanda basi alfajiri Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, kwenda Mbeya, una zaidi ya kilomita 800 mbele yako. Lazima utakula njiani. Nikipita Msamvu, Morogoro, huwaona abiria wakiagiza mbio mbio kwa sababu kondakta ametangaza dakika kumi tu.

Wapo wanaomkwepa mama lishe na kukimbilia hoteli yenye vigae. Vigae havikulindi. Kinachokulinda ni moto, maji na sabuni. Maharage yanayochemka jikoni ni salama kuliko kuku aliyekaangwa asubuhi, akapoa ndani ya kabati la kioo. Bakteria huzaliana kwa kasi kwenye chakula cha uvuguvugu, kati ya nyuzijoto 5 na 60, hivyo kisikae katika hali hiyo zaidi ya saa mbili.

Wali na pilau vinahitaji uangalifu zaidi. Bakteria aitwaye Bacillus cereus ana mbegu zinazostahimili kupikwa. Wali ukiachwa upoe polepole, mbegu hizo huamka, bakteria huongezeka na kutoa sumu ambayo haiondoki hata wali ukipashwa moto. Ndiyo maana mtu huanza kutapika saa chache baada ya kula, basi likiwa katikati ya mbuga ya Mikumi. Kachumbari nayo iache. Hujui imeoshwa kwa maji gani. Chukua ndizi au chungwa umenye mwenyewe.

Wengine huamua kutokula wala kunywa ili wasiombe kuchimba dawa. Hiyo si dawa. Kubana mkojo kutwa nzima bila kunywa maji huongeza uwezekano wa maambukizi ya njia ya mkojo, hasa kwa wanawake. Mwenye kisukari anayetumia insulini akiruka mlo, sukari yaweza kushuka ghafla akazimia kwenye kiti.

Hata hivyo, mzigo huu si wa abiria peke yake. Wakati wa corona, ndoo za maji tiririka na sabuni zilijaa kwenye stendi zetu. Zimekwenda wapi? Kuhara na kipindupindu havikuondoka nazo. Halmashauri zinazotoza ushuru wa stendi ziweke bomba na sabuni mbele ya vibanda vya chakula, na vyoo visafishwe kutwa. Wenye mabasi nao watoe angalau dakika 20, maana dakika kumi hazitoshi kunawa, kula na kwenda chooni.

Beba pakiti mbili za ORS. Ukianza kuhara, changanya pakiti moja kwenye lita moja ya maji safi, unywe kidogo kidogo. Choo kikiwa kama maji ya mchele, usisubiri kufika uendako. Shuka kwenye mji wa karibu uende hospitali. Nauli utailipa tena.