Mita yasema 78,000, stika yasema 128,000!

Wiki hii sitaki stori za nani kamwaga nani. Naongelea ndinga. Na siyo ndinga ya kushushwa melini leo, hizo bei zake na ushuru wake mnazijua wenyewe. Naongelea gari la mkononi, lile ambalo tayari lina namba, lina mwenyewe, na lina dalali anayeapa kwamba "hili lilikuwa la mama mmoja wa benki, kazini nyumbani, kanisani nyumbani, basi".

Huyo mama wa benki jamani! Kila gari la mkononi Dar es Salaam lilikuwa lake. Sijui anaendesha mangapi kwa siku.

Kilichonifanya nishike kalamu ni dogo mmoja wa mtaani kwetu. Alikuja kwangu Ijumaa usiku macho yanawaka, kapata IST kwa milioni 9 na nusu, anataka kuingia nayo kwenye teksi za mtandao. Nikamuuliza hela katoa wapi. Milioni 4 ni zake, kazidunduliza kwenye bodaboda miaka mitatu. Zilizobaki ni za mama yake, kakopa VICOBA na kuweka dhamana friji na cherehani. Marejesho yanaanza mwezi ujao. Sasa msomaji wangu, gari la namna hiyo likizima wiki ya pili, mama wa watu anatolewa friji mchana kweupe, majirani wamejaa vibarazani wanaangalia. Hapo hakuna utani.

Dalali alishampigia simu mara nne. "Dogo fanya chapu, kuna mtu wa Arusha yuko njiani na keshi." Huyo mtu wa Arusha naye ni ndugu yake mama wa benki. Yuko njiani tangu enzi hizo na hajawahi kufika.

Nikamwambia dogo, mwambie dalali tunakuja kesho saa moja asubuhi, na injini asiiwashe kabla hatujafika. Hilo shikeni sana. Injini ikishapata moto inaficha mengi: moshi wa asubuhi unakuwa umeisha, vyuma vilivyokuwa vinagonga vimeshapata oili, na betri iliyochoka inawasha kwa mbwembwe. Tulipofika nikaweka kiganja juu ya boneti. Ya moto kama kikaango! Dalali kacheka, "Braza, jua hilo." Jua la saa moja asubuhi? Nikamwambia hatuna haraka, tutasubiri ipoe. Tukaagiza chai na chapati kwa mama ntilie wa jirani, halafu tukaanza kukagua bodi taratibu.

Kwenye bodi mimi natembea na sumaku. Usinicheke. Ni sumaku ya spika mbovu, nimeizungushia kitambaa isikwaruze rangi ya mtu. Unaipitisha kwenye milango, madigadi na paa. Panapong'ang'ania ni bati. Panapoteleza kama samaki, hapo chini kuna puti, maana yake gari liligongwa likanyooshwa na kupakwa. Bampa usiipime, hiyo ni plastiki. IST yetu iling'ang'ania vizuri mpaka mlango wa nyuma kushoto, hapo sumaku ikadondoka chini. Dalali akageuka kuangalia kuku.

Mlango wenye puti peke yake haukufanyi uache gari. Dar hii nani hajakwaruzwa na daladala? Cha kuogopa ni gari lililogongwa likapinda mifupa. Fungua boneti uangalie nati zinazoshika madigadi na boneti yenyewe. Zilizotoka nazo kiwandani zina rangi safi ya gari. Zilizowahi kufunguliwa zina makovu ya spana. Kisha simama mbele utazame nafasi kati ya boneti na madigadi, kulia na kushoto. Huku kidole kinapita na kule hakipiti? Ondoka. Gari lililopinda linakula matairi upande mmoja kila baada ya miezi michache, na hakuna fundi wa mtaani atakayelirudisha kama lilivyokuwa.

Maji nayo. Mnajua mvua zikikolea Jangwani na Kigogo magari yanaogelea. Yakishatolewa yanaoshwa, yanapulizwa marashi, yanapelekwa yadi. Hii kanyaboya kuijua ni rahisi: kaa siti ya mbele, vuta mkanda wa usalama mpaka mwisho wake kabisa, ule mwisho ambao hakuna anayeufikia. Ukikuta mstari wa tope au madoa ya kahawia, ujue maji yalifika kifuani. Inua zulia unuse. Angalia reli za siti kama zina kutu, na ile sehemu ya tairi la akiba kwenye buti. Gari lililozama linaweza kuwaka leo na kutembea vizuri kabisa, ila waya na kompyuta zake zinaoza ndani kwa ndani. Leo power window, kesho taa, keshokutwa linazima katikati ya Ubungo.

Sasa tuje kwenye utamu wenyewe. Dashibodi ya IST ile ilisomeka kilomita 78,000. Dogo akaninong'oneza, "Unaona braza, bado mbichi!" Nikafungua mlango wa dereva, nikachungulia kwenye nguzo yake ya pembeni. Wajapani wana tabia moja nzuri sana. Gereji nyingi za kwao zikibadilisha oili zinabandika kistika kidogo, ama kwenye nguzo ya mlango ama chini ya boneti, kinachoonyesha tarehe na kilomita. Wauzaji wetu wanapiga polishi kila kitu ila stika hizo wengi hawazibandui, kwa sababu zimeandikwa Kijapani na wanaona ni mapambo. Lakini tarakimu ni zile zile za kwetu! Stika ya IST ilisomeka 128,000. Na hizo ni kilomita za Japani, kabla gari halijaona lami wala mashimo ya hapa.

Na ukikuta mwaka umeandikwa 18 au 25 usishangae. Wajapani wanahesabu miaka pia kwa enzi za mfalme wao. Enzi ya Heisei ilianza 1989, kwa hiyo chukua hiyo namba ujumlishe 1988: 18 ni 2006, 25 ni 2013. Kuanzia 2019 wameingia enzi ya Reiwa, huko unajumlisha 2018. Angalia na kitambulisho kilichoshonwa chini ya mkanda wa siti, mara nyingi kina tarehe ya kutengenezwa. Matairi nayo yanasema: tarakimu nne za mwisho kwenye msimbo wa ubavuni, 2319 kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Na mtu akikwambia gari liliingia nchini juzi tu, muombe karatasi ya mnada wa Japani. Karatasi hiyo ina alama za ubora na kilomita, na ukiona R au RA mahali pa alama, ujue gari lilipata ajali likatengenezwa.

Dalali alipoonyeshwa stika kasema hiyo ni namba ya simu ya gereji. Mjini shule!

Ilipofika saa nne injini ilikuwa imepoa. Kabla ya kuwasha, zungusha ufunguo mpaka taa zote za dashibodi ziwake bila kustua injini. Taa ya injini, ya oili, ya betri, ya airbag, zote lazima zionekane, halafu zizimike baada ya gari kuwaka. Kuna wajanja taa ya injini ikiwagomea kuzimika wanang'oa balbu au wanaiziba na utepe mweusi. Kwa hiyo taa ambayo haikuwaka kabisa ni mbaya kuliko inayowaka.

Washa sasa, mwenzako asimame nyuma. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Mweusi ni mafuta yanayoingia kupita kiasi. Mweupe kidogo asubuhi ni mvuke wa kawaida, lakini ukiendelea dakika kumi, na gari likawa linapunguza maji ya rejeta, fikiria gasketi ya silinda hedi. Hilo unalithibitisha kwa kufungua kifuniko cha oili injini ikiwa imezimwa: ukikuta utelezi mweupe kama chai ya maziwa, maji na oili vimeshaonana. Rejeta ichungulie ikiwa ya baridi tu, usije ukaungua uso ukanitaja mimi. Maji yenye kutu yanakwambia mwenye gari alikuwa anajazia ya bomba.

Gia ya otomatiki: kanyaga breki, toa N weka D. Gari lijibu hapo hapo. Likikaa kwanza linafikiri, halafu likaruka na kishindo, gia boksi imechoka, na gia boksi ya kununua inaweza kukumaliza. Endesha kwenye barabara mbovu redio ikiwa imezimwa. Madalali wanapenda sana kuwasha muziki, sijui kwa nini eti! Usikie shokapu na bushi zinavyolalamika. Kata usukani mpaka mwisho kulia, kisha kushoto, taratibu, usikie kama kuna ta-ta-ta kwenye magurudumu ya mbele. Tafuta mahali patupu ukanyage breki kwa nguvu uone kama linavuta upande.

IST injini zake, ya cc 1298 na ya 1496, zinatumia cheni, siyo mkanda. RAV4 ya zamani yenye injini ya 3S inatumia mkanda, na kama muuzaji hajui ulibadilishwa lini, hesabu kwamba utaubadilisha wewe wiki hiyo hiyo. Na kwenye Noah au Premio soma maandishi ya juu ya injini. Ukiona D-4, mafuta yanapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa. Injini siyo mbaya, ila pampu na nozeli zake ni ghali, na mafundi wetu wengi wakiiona wanashika kichwa.

Kwa habari ya fundi, nenda na wako. Wa dalali usimtake hata kwa bure, kwa sababu cha juu chake kiko ndani ya bei ya gari.

IST yetu, pamoja na uongo wa mita, injini yake ilikuwa nzima. Dogo akanitazama, "Braza, akishusha mpaka 8 na nusu tunachukua?" Nikamwambia tuone kadi kwanza. Kadi ikaja kivuli. "Orijino iko nyumbani kwa bosi." Jina kwenye kivuli ni la mwanamke, na muuzaji aliyeitwa akaja ni kijana wa miaka 25 na kofia yake. Kasema ni gari la shangazi, shangazi kasafiri. Nikasema sawa, tumpigie. Ikawa simu haina chaji, mara namba kaisahau. Tukanyanyuka. Namba ikakumbukwa!

Basi kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaongea na mama wa benki. Yupo! Ila benki hajawahi kufanya kazi, anauza vitambaa Manzese. Na gari hakuuza. Alimpa huyo kijana alifanyie kazi amletee hesabu kila Jumapili, na kadi orijino kaiweka kwa mkopeshaji wa kausha damu, deni bado milioni 3. Kijana alipogundua simu iko kwenye spika, alitoka yadi hata kofia kaiacha.

Dogo akarudi nyumbani na milioni zake zote. Lakini fikirieni angelipa kwa kivuli. Angenyoosha bodi, angefunga matairi, halafu siku moja mkopeshaji anakuja na kadi halali mkononi anaondoka na gari.

Kwa hiyo kadi iwe orijino, jina lilingane na kitambulisho cha NIDA cha anayepokea hela, na namba ya chesisi uisome mwenyewe kwenye chuma. Toyota nyingi za Japani imegongwa kwenye ukuta wa nyuma ya injini. Isome tarakimu kwa tarakimu, upapase kwa kidole kama kuna dalili ya kupigwa tupa au kuchomelewa. Ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TMS wa Polisi, maana faini alizokula mwenzio zinabaki na gari na trafiki atakudai wewe. Stika ya bima ihakiki kwenye mfumo wa TIRA. Kama gari liliingia kwa msamaha wa kodi, la mradi au la shirika, uliza TRA kwanza kodi yake nani ataibeba. Na akijisifu kwamba kalipia rodi laisensi ya mwaka mzima, mcheke tu, ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18 na siku hizi tunailipia kwenye mafuta.

Mkataba uandikwe mbele ya wakili, hela ipite benki, na umiliki uhamishwe TRA wiki hiyo hiyo, siyo "tutafanya tukipata nafasi". Wengi mnaendesha magari yenye majina ya watu mliokwishasahau sura zao, na mwenye jina akifariki mtajikuta mnafuatana na warithi mahakamani.

Wiki ijayo ni zamu ya wale mnaouza. Mmeniandikia mnasema mnunuzi naye ana vituko vyake, kama yule aliyekwenda kujaribu gari Kibaha akarudi kesho yake.