Kodi Haifutwi kwa Vitendawili

Huko Marekani wako watu wanaokataa kulipa kodi ya mapato kwa hoja za ajabu. Mmoja husema mshahara si mapato. Wa pili husema jina lake likiandikwa kwa herufi kubwa tupu, basi anayetajwa si yeye. Wa tatu hudai kuwa Badiliko la 16 la Katiba, la mwaka 1913, halikupitishwa kwa halali. Wakishindwa, huleta makaratasi mengine.

Mwaka 1984 majaji wa korti moja ya rufani walisema hawaoni haja ya kuzijibu hoja za namna hii kwa maelezo marefu, kwani kufanya hivyo kungewafanya watu wadhani zina uzito. Korti ya Kodi nayo ina uwezo wa kumtoza aletaye shauri la upuuzi mpaka dola 25,000.

Je, huu ni uonevu? La hasha! Haki ya kusikilizwa twaijua thamani yake. Lakini nyuma ya huyo mwenye vitendawili wako wengine wanaongoja: mjane aliyekadiriwa kodi isiyo yake, mwenye duka aliyekosewa hesabu. Saa anayoipoteza yeye ni saa yao.

Wala korti hazikufunga mlango. Mwaka 1991 Korti Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba asiyeielewa sheria kwa moyo safi hana hatia ya kukwepa kodi kwa makusudi. Bali anayeijua, akasema tu kuwa ni kinyume cha Katiba, hana kinga. Na deni la kodi hubaki pale pale.

Wenye kustahili mkono mzito ni wauzaji wa hoja hizo. Mwalimu hula ada, mwanafunzi hula faini. Mwaka 2003 korti ya Nevada ilimkataza Irwin Schiff kuuza kitabu chake cha mafunzo hayo. Ilifanya vema. Asiyejua aonywe kwanza, ndipo aadhibiwe.

Ndugu, kuipinga sheria mbaya ni jambo la heshima. Gandhi alipovunja sheria ya chumvi mwaka 1930 aliivunja hadharani, akaingia gerezani. Hakusema kwamba jina lililoandikwa si lake. Anayeona kodi ni dhuluma na asimame mbele ya watu aseme hivyo, aombe kura zao, sheria ibadilishwe. Anayejificha nyuma ya herufi hapigani na dhuluma. Anamtwisha jirani mzigo wake.