Nani Aanze Kuongea?

Mwezi huu niwape siri ya ndani. Mimi na mume wangu tulikuwa tumenuniana siku ya tatu, na tiketi za okestra hapa Berlin tulishazilipia zamani. Kuzitupa roho iliuma, tukaenda. Kwenye treni kimya, kila mtu na dirisha lake.

Zilitangulia konseto za zama za Baroque: moja ya Vivaldi, kisha ile ya Bach ya fidla mbili. Kile kipande cha katikati, cha polepole, jamani! Anaanza mpiga fidla wa pili, siyo wa kwanza. Mwenzake anamsikiliza, halafu anaingia na yale yale, ila kwa sauti ya juu zaidi. Hakuna anayemfunika mwingine. Nikajiuliza, kwetu je, nani ataanza? Mimi? Thubutu!

Baada ya mapumziko jukwaa likajaa wapigaji kwa ajili ya simfoni ya kwanza ya Brahms, ya mwaka 1876. Nzito hiyo, nusura nisinzie. Lakini sehemu ya mwisho, baada ya giza refu, baragumu likalia peke yake juu ya fidla zinazotetemeka. Nilikuwa nimesoma kwamba wimbo ule Brahms alimtumia Clara Schumann mwaka 1868, kwenye salamu za birthday, kipindi ambacho walikuwa hawaelewani.

Nikamsogezea mkono. Hakugeuka, ila aliushika.

“Umekula leo?” akanong’ona.

“Sijala.”

Mama wa kiti cha mbele akatugeukia kwa jicho kali.