Somo la Sayansi Halina Dhehebu

WILAYA ya Korogwe imezijua shule za kanisa kwa muda mrefu. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA waliokita makao Magila katika karne ya 19 ndio waliosambaza shule na zahanati katika nchi ya Wabondei na Wazigua. Hata leo Dayosisi ya Anglikana ya Tanga ina makao yake Korogwe. Mwenye haki hawezi kuubeza mchango huo, maana wengi wa watumishi wa umma wa mkoa ule walijifunza kusoma katika madarasa yaliyopakana na kanisa.

Hata hivyo, kuna swali moja ambalo walimu na watumishi wa elimu hawana budi kulijibu bila kupepesa macho. Shule ya kanisa inapofungua Kidato cha Tano na cha Sita kwa tahasusi za sayansi, somo linalofundishwa humo ni mali ya nani? Je, ni la mwenye shule, au ni la Taifa?

Historia ilikwisha kutoa jibu. Wakati wa ukoloni nafasi ya mtoto shuleni ilitegemea mno dini ya wazazi wake. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule zilizokuwa zikipata ruzuku chini ya umma ili mtoto wa Mkristo, wa Mwislamu na wa asiyefuata dini yoyote kati ya hizo wakae dawati moja. Baadaye mlango ulifunguliwa tena, na mashirika ya dini yakaanzisha shule nyingi. Lakini muhtasari wa masomo ulibaki mmoja, na mtihani wa Baraza la Mitihani ukabaki mmoja. Hakuna fizikia ya Kianglikana, kemia ya Kilutheri wala biolojia ya Kiislamu.

Mwiba wenyewe umo katika biolojia, kwenye mada ya mabadiliko ya viumbe. Mada hiyo imekuwa katika masomo ya Kidato cha Sita kwa miaka mingi. Mwalimu wa shule ya dini anaweza kushawishika kuiruka, au kuisoma mbio mbio mwishoni mwa muhula na kuwaambia vijana waikariri kwa ajili ya mtihani, kisha waisahau. Mwalimu wa namna hiyo hailindi dini. Anampunja mwanafunzi, na hasara yake itaonekana hospitalini.

Ushahidi uko hapo hapo Korogwe. Kwa vizazi vingi wakulima wa Handeni na vibarua wa mashamba ya mkonge wameuguza watoto wao malaria. Klorokwini ilikuwa dawa ya kila nyumba. Kisha vimelea vikaizoea, na mwaka 2001 Serikali ikalazimika kuiacha na kuchukua SP. Nayo SP ikashindwa, na kufikia mwaka 2007 nafasi yake ilikuwa imechukuliwa na dawa ya mseto. Usugu huo ulitoka wapi? Dawa iliua vimelea dhaifu, vichache vyenye uwezo wa kuistahimili vikabaki, vikazaana, na kizazi chao kikatawala. Huko ndiko kubadilika kwa viumbe kwa njia ya uteuzi wa asili. Muuguzi asiyeielewa kanuni hiyo hataweza kumweleza mama kwa nini ni hatari kukatiza dozi.

Si hayo tu. Kuanzia mwaka 2009 Korogwe ilikuwa miongoni mwa vituo 11, katika nchi 7 za Afrika, vilivyofanya jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S, chini ya watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na wenzao. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itumike kwa watoto. Mtafiti wa kesho wa kituo kama hicho huenda leo ameketi katika darasa la shule ya kanisa. Atafanyaje kazi hiyo ikiwa sura moja ya kitabu chake ilifungwa kwa makusudi?

Wapo watakaosema kwamba mzazi aliyelipa karo ana haki ya kutaka mwanawe alelewe katika imani. Haki hiyo ipo, na Katiba inaitambua. Pahali pake ni kanisani na katika kipindi cha dini. Wakristo wenyewe wana mifano ya kuwatoa hofu. Charles Darwin, aliyeandika juu ya mabadiliko ya viumbe mwaka 1859, alipofariki mwaka 1882 alizikwa katika kanisa la Westminster Abbey, London, na Waanglikana wale wale ambao ndugu zao walikuwa wakihubiri Magila. Naye Mwalimu Nyerere, Mkatoliki aliyeshika dini yake hadi kufa, alifundisha biolojia katika shule ya kanisa ya St. Mary's, Tabora, baada ya kutoka Makerere.

Isitoshe, ardhi ya Tanzania yenyewe ni shahidi. Fuvu la Zinjanthropus lilipatikana Olduvai mwaka 1959, na nyayo za Laetoli zenye umri wa miaka ipatayo milioni 3.6 zilifukuliwa miaka ya 1970. Ni aibu mgeni avuke bahari kuja kujifunza katika bonde letu, na mtoto wa nchi hii afichwe habari hizo darasani.

Kufundisha somo kwa ukamilifu kuna maana nyingine pia. Sayansi ya ubaoni peke yake ni nusu sayansi. Shule ya Korogwe ina maabara kubwa nje ya ukuta wake: maporomoko ya Hale yanayozalisha umeme tangu mwaka 1964, na mkonge ambao mabaki yake yalianza kutumika kutengeneza gesi ya kuendeshea mitambo ya umeme huko huko Hale. Mwanafunzi aone kwa macho yake na apime kwa mikono yake, kama Elimu ya Kujitegemea ilivyoagiza mwaka 1967.

Basi wathibiti ubora wa shule wasiishie kuhesabu madawati na vyoo. Wafungue madaftari ya biolojia waone kama hakuna mada iliyorukwa. Wakuu wa shule wawalinde walimu wanaofundisha muhtasari wote. Nao wenye shule wakumbuke kwamba cheti anachopewa kijana kina nembo ya Taifa. Anayekipokea atakwenda kuwatibu na kuwafundisha wananchi wa dini zote, na mgonjwa hataulizwa dhehebu lake kabla ya kupimwa damu.