MAZINGIRA YETU: Lundo la udongo wenye mazutu si la kukandika nyumba

Mwezi huu tunamjibu mama mmoja. Karibu na jenereta ya pampu mazutu yalimwagika, mafundi wakachimba udongo wakaurundika kando ya njia. Mama anauliza kama anaweza kuuchota akandike nyumba yake. Mama, umefanya vizuri kuuliza kwanza. Jibu ni hapana, na shambani pia hapana.

Kwa nini? Mazutu na esansi hutoa mvuke hata kama huoni kitu. Esansi ina benzini, ambayo inaweza kuleta saratani ya damu. Ukiukandika ukutani, watoto wanalala nao. Mvua ikinyesha, mafuta yanashuka na maji mpaka kisimani.

Sisi wa Hima na Kasese tunajua lundo lililoachwa linafanya nini. Mgodi wa shaba wa Kilembe ulifanya kazi kuanzia 1956 hadi 1982. Masalio yake, takriban tani milioni moja, yalirundikwa Kasese mjini. Mvua ikayaosha, maji makali ya asidi yakaingia Hifadhi ya Queen Elizabeth, majani yakafa. Yale hayakuwa mafuta, lakini somo ni lile lile: kuhamisha uchafu si kuusafisha.

Utajuaje kama udongo una mafuta? Tia udongo kidogo kwenye chupa inayoonyesha, ongeza maji, tikisa, uache utulie. Ukiona utando wenye rangi za upinde wa mvua, mafuta yamo. Usipouona, usifurahi haraka, maana mafuta machache hayaonekani. Wala usiinamie kunusa. Kipimo cha kweli ni cha maabara. Wapimaji huchukua udongo sehemu nyingi za lundo, juu na ndani, kwa sababu juu jua limeshakausha. Maabara husema kila kilo ya udongo ina miligramu ngapi za mafuta.

Kabla majibu hayajaja, lundo liwekwe juu ya plastiki, lifunikwe turubai, lizungushiwe tuta, na liwe mbali na kisima. Lisichomwe, lisitupwe mtoni wala chooni.

Baada ya kupima, mazutu yanaweza kusafishwa na bakteria. Udongo hutandazwa, huchanganywa na samadi, hutiwa maji kidogo, hugeuzwa mara kwa mara. Bakteria wanakula mafuta polepole, kwa miezi, kisha unapimwa tena. Msishangae: kuanzia 1999 kiwanda cha kobalti cha Kasese kilitumia bakteria kutoa kobalti kwenye lile lundo la Kilembe. Oili chafu ya magari ni ngumu zaidi, kwani ina madini kama risasi, na hayo bakteria hawayamalizi. Katika nchi kadhaa udongo mchafu sana hupelekwa kwenye tanuri za saruji, ambako joto hufika digrii 1450.

Kazi hiyo si ya familia, wala si ya vijana wa kulipwa kibarua wabebe kwa mikono. Sheria ya Mazingira ya Uganda ya 2019 inasema aliyechafua ndiye anayegharamia, na anayesafirisha taka za hatari lazima awe na leseni ya NEMA.

Wazazi, sehemu yetu ni hii: tuzuie watoto wasicheze pale, tusichote, na tumwambie mwenyekiti wa RWC au LC1 apeleke habari ofisini. Tuulize maswali mawili bila woga: udongo umepimwa? Majibu yako wapi? Mtu akija na lori usiku kusema anausogeza tu, muulize anausogeza kwa nani.

Tukutane mwezi ujao. Kaeni salama.