Mgeni Apewe Jembe, Lakini Aonyeshwe Shamba

Lugha haikosi kutoboa siri za wenyewe. Ukitaka kujua jamii humwonaje mtu anayeingia kazini kwa mara ya kwanza, huna haja ya kuwauliza wakuu wa idara. Sikiliza tu anaitwaje. Kiswahili kina majina mengi ya mtu huyo, na kila jina lina hukumu ndani yake. Tukimpenda twamwita chipukizi, kwa kuwa twatarajia kwamba atakua na kuzaa. Tukimdharau twamwita limbukeni, neno lenye asili katika kitenzi kulimbuka, yaani kuonja mazao ya kwanza ya msimu; nalo limetoka katika furaha hiyo ya shambani likaishia kuwa tusi la mtu anayebabaikia jambo kwa sababu hajalizoea. Jeshini huitwa kuruta, neno tulilolitwaa kwa Waingereza. Katika shule zetu za bweni huitwa mono, na wasomaji waliopitia huko hawahitaji kuelezwa yaliyoandamana na jina hilo katika wiki za kwanza za kidato cha kwanza.

Yapo majina mengine mawili, nayo ndiyo hasa yaliyonisukuma kushika kalamu: mwanagenzi na kibarua. Mwanagenzi ni mtu anayejifunza kazi chini ya fundi. Kibarua, kwa asili yake, ni barua ndogo: kijikaratasi alichopewa mfanyakazi wa kutwa ili kazi yake ihesabiwe. Baadaye jina likahama kutoka kwenye karatasi likaishika kazi yenyewe, kisha likamshika mtu. Tofauti ya majina haya mawili si ya mshahara peke yake. Mwanagenzi ana mwalimu. Kibarua ana msimamizi. Mwanagenzi anatarajiwa kuwa fundi. Kibarua anatarajiwa kurudi kesho asubuhi, au asirudi. Hoja yangu leo ni kwamba nchini mwetu tumezoea kumpa mtu jina la mwanagenzi huku tukimtumia kama kibarua, na hasara ya mchezo huo wa maneno tunaibeba sote.

Nitachukua mfano wa mbali, kwa kuwa mfano wa mbali hauna kabila wala jimbo, na msomaji anaweza kuupima bila hasira. Nao ni mpira wa Kimarekani, ule unaochezwa zaidi kwa mikono kuliko kwa miguu. Wakenya waliufuatilia kwa karibu mwaka 2013, pale Daniel Adongo, mwanaraga mzaliwa wa Nairobi, aliposajiliwa na timu ya Indianapolis Colts ilhali hakuwa amewahi kuucheza mchezo huo. Desemba ya mwaka huohuo aliingia uwanjani katika mechi ya ligi, akawa gumzo hapa nyumbani. Hata hivyo hakupata nafasi ya kudumu katika kikosi cha kwanza, na mwaka 2015 timu hiyo iliachana naye.

Katika mchezo huo kila upande una wachezaji 11 uwanjani. Watano kati ya wale wanaoshambulia husimama mbele kabisa, bega kwa bega, wakitazamana uso kwa uso na wapinzani. Hao ndio watu wa mstari. Kazi yao ni kumkinga yule anayerusha mpira nyuma yao na kumfungulia njia yule anayekimbia nao. Kwa kawaida sheria haiwaruhusu hata kupokea mpira unaorushwa mbele. Mtu wa mstari anaweza kucheza miaka 10 asifunge hata mara moja. Akifanya kazi yake vyema, watazamaji humshangilia mwingine. Nambari yake hutajwa na mwamuzi pale tu anapokosea, kwa mfano anapomshika mpinzani kinyume cha sheria. Ni kazi ambayo ukamilifu wake ni kutoonekana.

Basi fikiria, ndugu msomaji, hali ya mgeni anayeigombea nafasi hiyo. Hana bao la kuonyesha, wala mbio za kuwaduwaza watu. Timu huingia katika maandalizi ya msimu ikiwa na wachezaji 90, na mwishoni mwa Agosti lazima wapunguzwe wabaki 53. Atajulikanaje kwamba anafaa? Atajulikana tu ikiwa yupo mtu anayejua kuitazama kazi isiyoonekana: namna anavyoweka mguu wa nyuma, namna anavyotumia mikono, namna anavyomtambua adui atokaye upande asioutarajia. Mtu huyo ni mwalimu wake.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Jordan Mailata, kijana aliyezaliwa Sydney, Australia, kwa wazazi wenye asili ya Samoa. Alicheza raga ya wachezaji 13 kila upande. Mwaka 2018 timu ya Philadelphia Eagles ilimchagua akiwa wa 233 kati ya vijana 256 waliochaguliwa mwaka huo. Alikuwa na kimo cha zaidi ya mita 2 na uzito wa zaidi ya kilo 150, lakini hakuwa amecheza hata mechi moja ya mpira wa Kimarekani maishani mwake. Misimu miwili mizima, 2018 na 2019, hakucheza mechi yoyote ya ligi. Alilipwa, akafundishwa, akatibiwa alipoumia. Mwalimu wake wa mstari, Jeff Stoutland, alimwanzisha kama mtoto anayeanzishwa alifabeti. Mwaka 2020, wenzake walipojeruhiwa, akaingia kikosini. Mwaka 2021 akawania nafasi ya kudumu dhidi ya Andre Dillard, mchezaji ambaye timu hiyohiyo ilikuwa imemchagua katika raundi ya kwanza mwaka 2019. Aliyechaguliwa wa 233 akamshinda aliyechaguliwa wa 22. Februari 2025 alikuwa uwanjani Eagles waliponyakua ubingwa kwa kuwalaza Kansas City Chiefs 40-22.

Sisemi kwamba Wamarekani ni malaika. Ligi yao ni biashara, na wale vijana wanaoachwa kila Agosti hawapewi machozi ya mtu. Ninachosema ni kwamba katika biashara hiyo ngumu kuna mambo matatu ambayo mgeni alipewa. Kwanza, mwalimu aliyeijua kazi na aliyeajiriwa kwa ajili ya kuifundisha. Pili, muda wa kujifunza kabla ya kubebeshwa mzigo wa mkongwe. Tatu, mizani iliyopima kazi yenyewe, wala si bei aliyonunuliwa wala jina alilokuja nalo. Ondoa moja kati ya hayo matatu, na Mailata angerudi Sydney bila mtu kulijua jina lake.

Sasa turudi nyumbani. Jumamosi alasiri, katika msimu wa raga, nenda kwenye uwanja wa RFUEA ulio kando ya Ngong Road. Barabara hiyo ni kitovu cha raga nchini: Kenya Harlequin wana makao yao hapo, klabu ya Impala haiko mbali, Nondescripts wako Jamhuri, na shule ya Lenana, iliyolea wanaraga wengi, iko mbele zaidi kuelekea Karen. Mashindano ya Safari Sevens yalianzia kwenye uwanja huo mwaka 1996. Sikiliza watazamaji wanamtaja nani. Watamtaja mwenye mbio. Propu, yule mtu mnene wa jezi nambari 1 au 3 anayeinamisha kichwa ndani ya skramu na kuubeba uzito wa wenzake saba mgongoni, hatajwi mpaka skramu iporomoke.

Si ajabu basi kwamba fahari yetu kubwa imetokana na raga ya wachezaji saba kila upande, ambayo skramu yake ina watu watatu tu. Aprili 2016 vijana wetu, chini ya kocha marehemu Benjamin Ayimba, waliwacharaza Fiji 30-7 katika fainali ya Singapore, na taifa zima likaamka likiimba. Lakini katika raga ya wachezaji 15, ambapo mstari wa mbele ndio msingi wa nyumba, hatujawahi kufika Kombe la Dunia. Novemba 2018 tulikwenda Marseille, Ufaransa, kuwania nafasi ya mwisho, tukafungwa na Kanada, Ujerumani na Hong Kong. Sababu ni nyingi, fedha zikiwa mojawapo. Hata hivyo naamini sababu moja ni hii: mkimbiaji waweza kumwokota akiwa tayari, lakini mtu wa mstari ni lazima umtengeneze, na kutengeneza kunahitaji subira ambayo hatuna.

Upungufu huo haukomei uwanjani. Darasani nako kuna mstari wa mbele. Mwalimu hutenda kazi isiyoonekana. Mwanafunzi akifaulu hupigwa picha na kubebwa juu kwa juu, na mwalimu hutafutwa pale matokeo yanapokuwa mabaya. Tulipoanzisha shule za sekondari za msingi mwaka 2023, maelfu ya walimu wapya waliingizwa humo kwa jina la wanagenzi, kwa malipo ya Sh20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Walikuwa wamehitimu na kusajiliwa. Walipewa masomo yaleyale, madarasa yaleyale na lawama zilezile kama mwalimu wa kudumu. Aprili 2024 mahakama inayoshughulikia masuala ya ajira iliamua kwamba haikuwa halali kwa Tume ya Kuwaajiri Walimu kuwachukua walimu waliokwisha kufuzu kwa mpango huo. Mwezi uliofuata walimu wakagoma, na ikalazimu walimu 46,000 waahidiwe ajira ya kudumu kuanzia Januari 2025.

Wengi walilijadili suala hilo kama suala la mshahara, na mshahara ni haki. Lakini mimi, kwa taaluma yangu, nalisikia neno. Kama hao walikuwa wanagenzi, fundi wao alikuwa nani? Baadhi yao niliwafundisha isimu, nao leo wanafundisha Kawangware, Kangemi na Dagoretti. Nimewauliza: katika mwaka wako wa kwanza, ni nani aliyeketi nyuma ya darasa akakutazama ukifundisha, kisha akakuambia palipopotoka na namna ya kupanyosha? Wengi walicheka. Mmoja aliniambia kwamba siku ya kwanza alipewa ratiba na chaki, akaambiwa darasa liko kule. Hapo hapakuwa na uanagenzi. Palikuwa na kijikaratasi.

Wala tusiwaonyeshe kidole wengine tukajisahau sisi wa vyuo vikuu. Wahadhiri wa muda hubeba madarasa makubwa kuliko yote, mihula kwa mihula, pasipo kuambiwa ni kipimo gani kitakachowavusha. Wanafunzi wetu nao, wanapopelekwa katika ofisi za katikati ya jiji kupata mafunzo ya kazi, wengine hurejea wakiwa mabingwa wa kuchemsha chai na kupeleka faili ghorofa ya tatu. Kisha hushangaa ajira ikimwendea mtu ambaye hakuonekana hata siku moja, ila ana mjomba.

Najua nitajibiwa kwamba hazina haina fedha. Hilo lina ukweli wake, lakini halijibu hoja. Kumpa mwalimu mpya mlezi kutoka miongoni mwa walimu wenye uzoefu, na kumpunguzia mlezi huyo vipindi vichache kwa wiki, si gharama ya kuifilisi nchi. Kutangaza mapema kwamba nafasi za kudumu zitatolewa kwa vipimo vifuatavyo, na kuvifuata, hakugharimu chochote ila uaminifu. Nitajibiwa tena kwamba sisi wazee pia tuliteswa na hatukufa. Jibu hilo ni la mono aliyefika kidato cha nne. Halijawahi kumfunza mtu kazi. Aliyeteswa hujifunza kutesa.

Wahenga walinena: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi huitumia methali hii kumfukuza mgeni. Mimi naisoma kwa namna nyingine. Hizo siku mbili zina maana: ni muda wa mgeni kuijua njia ya shambani na mipaka ya wenyeji. Na jembe nalo ni heshima, kwani hakuna ampaye jembe mtu asiyemwamini. Sisi tumezifuta siku mbili, tumempa mgeni jembe usiku wa kwanza, na hatujamwonyesha shamba liko wapi. Kesho yake twamlaumu kwa kulima njiani.

Kwa walimu wenzangu walio na uzoefu, ombi langu ni dogo: muhula huu mtafuteni mgeni mmoja shuleni mwenu, mkaketi nyuma ya darasa lake. Msingoje waraka. Kwa wanafunzi, hasa wale watakaovaa suti mwaka huu na kupanda ngazi za ofisi za jijini, nasema hivi: ukipewa kazi isiyoonekana, ifanye kikamilifu, lakini uwe na ujasiri wa kuuliza kwa adabu maswali mawili. Nani atanifundisha? Na nitapimwa kwa nini? Ukijibiwa yote mawili, wewe ni mwanagenzi, vumilia. Ukikosa jibu, ujue jina lako la kweli, nawe uanze kuidai hiyo tofauti.