Kiwanja cha Wazi ni Amana

Katika makosa yanayoihilikisha miji yetu pasipo kelele, sioni lililo kubwa kuliko mazoea ya kuiita ardhi isiyojengwa ardhi tupu, kana kwamba mahali pasipo ukuta wala paa hapana mwenyewe wala manufaa, na kwamba anayetangulia kupazungushia uzio ndiye aliyeleta maendeleo. Dhana hii ni batili, na yatupasa kuibatilisha kabla haijawabatilishia watoto wetu haki yao.

Nani aliyepata kukaa Unguja asiyejua fadhila ya bustani ya Forodhani wakati wa magharibi, ambapo tajiri na hamali hupunga upepo mmoja wa bahari pasipo kuulizwa kiingilio? Bustani ile ilitengenezwa upya ikafunguliwa mwaka 2009. Na lau ingalikatwa viwanja ikauzwa, fedha zake zingalikwisha zamani, na hasara yake ingalibaki daima. Na huko Dar es Salaam, uwanda wa Mnazi Mmoja, ambao wakoloni waliuacha wazi ili kuitenga Kariakoo ya Waafrika na mitaa ya wageni, leo ni mahali pa sala ya Idd na mikutano ya hadhara, hata nia mbaya ya waliotenga imegeuzwa kheri na waliokusanyika.

Wala manufaa hayo si ya starehe peke yake. Desemba 2011, mvua kubwa ilipoufurisha mto Msimbazi wa Dar es Salaam, maji yaliingia katika nyumba za waliojenga bondeni, wengi wao mafukara waliokosa pengine pa kwenda, roho zikapotea, na baadhi ya walionusurika wakahamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Maji yale hayakudhulumu mtu. Yalirudi katika njia yake, nayo njia ilikwisha kuzibwa.

Najua atakuwako wa kuhoji: je, tuache uwanda mpana ukae bure hali watu hawana makazi? Swali hilo ni la haki na lastahili jawabu. Makazi ni faradhi, lakini nyumba yaweza kupandishwa juu kwa ghorofa, au kupelekwa penye ardhi nyingine. Ama uwanda wa katikati ya mji, ukishachukuliwa, haurejeshwi ila kwa kubomoa, na kubomoa kuna gharama na machozi. Tena, tutazame kwa insafu: ni mara ngapi viwanja vya wazi vilivyochukuliwa vimewafikia maskini?

Na uporaji huo huzuilika: mwaka 1989, ilipokusudiwa kujengwa jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park jijini Nairobi, mwanamazingira Wangari Maathai alisimama akaandika barua kwa wakubwa wa nchi na wa ng'ambo, akadhihakiwa na kutukanwa, asirudi nyuma. Na jumba lile halikujengwa. Hakuwa na jeshi wala mali, bali alikuwa na yakini kwamba mali ya wote haina ruhusa ya mmoja.

Basi, enyi madiwani, pimeni viwanja vya wazi, wekeni mipaka yake, na ramani zake zibandikwe mahali kila raia ataziona. Enyi matajiri, mkipewa kiwanja cha watoto kuchezea, kikataeni, ijapokuwa hati yake ina muhuri. Nasi wananchi tusivifanye jaa, kwani kilichodharauliwa na wenyewe ndicho huporwa upesi; na siku tutakapouona uzio mpya, tuulize kwa sauti ni wa nani, tena tusiondoke mpaka tujibiwe.